Kwa Nini Mtoto Hulia Akipata 48 kwa 50

Matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi 9 nchini Kenya, yalipotoka mwishoni mwa 2025, hapakuwa na mtoto aliyebebwa mabegani mbele ya kamera kwa kuwa wa kwanza nchini. Kila mtahiniwa alipewa kiwango chake katika kila somo, kuanzia pointi 1 hadi 8, basi. Lakini wazazi wa Nairobi ni watu wa hesabu. Masomo 9 mara pointi 8 ni 72, na haukupita muda kabla magrupu ya WhatsApp kuanza kuuliza swali lilelile la enzi ya KCPE, ule mtihani wa zamani wa darasa la nane, namba tu ndiyo iliyobadilika: "Wako amepata ngapi kwa 72?"

Mazungumzo yanayofuata swali hilo huwa vurugu. Mmoja anasema watoto wa siku hizi ni mayai, wakikosa alama mbili wanalia. Mwingine anajisifu kwamba bintiye hapendi kukosea hata kidogo, kana kwamba anasimulia kipaji. Mwalimu anasema mtaala mpya umeondoa presha; mzazi aliyekesha akibandika picha kwenye manila anamkodolea macho. Wote wanagusa jambo moja, ila wamelichanganya na bidii, na nidhamu, na udhaifu.

Jambo lenyewe tuliite kiu ya ukamilifu. Lina vipande viwili. Cha kwanza ni kujiwekea kipimo cha juu mno. Cha pili ni hukumu inayofuata kipimo hicho kisipofikiwa: badala ya kuona kwamba amekosa swali, mtoto anaona kwamba yeye mwenyewe ndiye kosa. Kipande cha kwanza kikiwa peke yake ni bidii ya kawaida, na kinaweza kumfikisha mtu mbali. Hicho cha pili ndicho kinachowakosesha watoto usingizi.

Chukua watoto wawili wa Gredi 5 wanaoketi dawati moja. Wote wanataka 50 kwa 50 katika Hisabati, na wote wanapata 48. Wa kwanza ananuna, anatafuta swali alilokosa, anagundua alisahau kubeba moja, anasonya, kisha anatoka kwenda kucheza. Wa pili anaikunja karatasi mara nne na kuisokomeza ndani ya soksi. Jioni chakula hakipiti. Akibembelezwa aseme kuna nini, anajibu, "Mimi ni mjinga tu." Malengo yao yalikuwa sawa, alama zao ni sawa. Kilichotofautiana ni maana ya zile mbili zilizokosekana.

Maana hiyo hutoka kwenye taswira ya nafsi, yaani picha ambayo mtoto anayo kichwani kuhusu yeye ni nani: najua kuchora, mimi ni mfupi, Kiingereza changu kinachekwa, nakimbia kuliko kaka yangu. Kujithamini ni kitu kingine kidogo. Ni bei anayoibandika kwenye picha hiyo. Mtoto anaweza kuwa na picha ya kweli yenye kasoro na bado ajithamini. "Sijui kuimba," anasema, na anaendelea kula.

Susan Harter, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miongo kadhaa kuchunguza jinsi watoto wanavyojiona, alionyesha kwamba picha hii hujengeka kwa hatua. Mtoto wa chekechea hujiona bingwa wa kila kitu. Muulize nani anakimbia kuliko wote duniani, atakuambia ni yeye. Ni kuanzia umri wa takriban miaka 8 ndipo anapoanza kujilinganisha na wenzake kwa makini na kupiga jumla: je, mimi kwa jumla ni mtu wa maana au la? Hesabu hiyo hufanyika kimyakimya, na kwa watoto wetu inaangukia karibu na miaka ileile ambayo tathmini za shule zinaanza kuhesabiwa kuelekea KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi 6.

Harter aligundua jambo jingine ambalo wazazi wengi hapa hulipita mbio. Kati ya nyanja alizopima, yaani masomo, marafiki, michezo, mwenendo na sura, iliyofungamana zaidi na jinsi mtoto anavyojithamini kwa jumla ni sura. Mzazi aliyeelekeza macho yote kwenye Hisabati anaweza kupitwa kabisa na msichana wa Gredi 7 anayeshinda na sweta mchana wa jua kali la Januari kwa kuuonea haya mwili wake unaobadilika, au mvulana anayekataa kupigwa picha ya darasa kwa sababu ya chunusi. Kiu ni ileile. Imehamia tu kwenye ngozi.

Sasa turudi kwa yule mtoto wa soksi. Ili kuelewa kinachomtokea, fikiria tofauti ya aliye kwenye nyumba ya kwao na mpangaji. Wa kwao akikosa pesa mwezi huu atakasirika, atatafuta kibarua, huenda hata akalala njaa, lakini usiku ataingia ndani. Mpangaji wa Pipeline, mtaa wa nyumba za kupanga Nairobi, anajua kwamba kodi ikipita tarehe 5, keateka anaweza kuja na kufuli. Kwamba alilipa vizuri mwaka mzima uliopita haisaidii; kufuli halina kumbukumbu. Mtoto mwenye kiu ya ukamilifu anaishi ndani ya thamani yake kama mpangaji, na kodi analipa kwa alama. Akipata EE leo, kiwango cha juu kabisa, hajawa salama, amelipia muhula huu tu. Ndiyo maana ushindi haumtulizi. Wazazi hushangaa: "Si alikuwa wa kwanza muhula uliopita? Mbona ana wasiwasi?" Ana wasiwasi kwa sababu alikuwa wa kwanza. Kodi imepanda.

Wanasaikolojia huita hali hii kujithamini kwa masharti. Jennifer Crocker na wenzake huko Marekani waliwafuatilia wanafunzi waliokuwa wakisubiri majibu ya maombi ya kuendelea na masomo ya juu chuoni. Barua za kukubaliwa na za kukataliwa ziliwagusa wote, lakini waliokuwa wamefunga thamani yao kwenye masomo walipanda na kushuka zaidi kuliko wenzao. Hebu waza maisha ya kupanda na kushuka hivyo ukiwa na miaka 11, na kila muhula una mtihani wa kufungua, wa katikati na wa kufunga.

Je, sharti hili anayeliweka ni nani? Mwaka 1991 watafiti wawili wa Kanada, Paul Hewitt na Gordon Flett, walitenganisha pande tatu. Kuna mtoto anayejidai mwenyewe. Kuna anayewadai wengine: huyu hataki kazi ya kikundi kwa sababu wenzake "wataharibu", na akiwa kiongozi wa darasa wenzake wanajificha. Na kuna anayeamini kwamba wengine ndio wanaomdai, kwamba mama, mwalimu, mchungaji na hata shangazi wa ushago wanamtaka asiwe na dosari, la sivyo watamshusha hadhi. Upande huu wa tatu ndio unaotajwa mara nyingi penye wasiwasi na huzuni.

Angalia kwamba nimesema anaamini. Imani hiyo si lazima iwe kweli. Nimewasikia wazazi wengi wakiapa kwamba hawampi mtoto presha yoyote, na wanasema ukweli kama wanavyouona. Hawakumbuki kwamba juzi mezani walizungumza karo ya muhula mbele yake, wakataja mkopo wa sako, wakamalizia kwa "tunajinyima haya yote kwa ajili yako." Sentensi hiyo haina tusi wala tishio. Mtoto ameisikia kama ankara.

Kwamba upande huu wa tatu unakua, kuna ushahidi, ingawa hautoki kwetu. Thomas Curran na Andrew Hill wa Uingereza walikusanya takwimu za wanafunzi 41,641 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza waliojaza dodoso la Hewitt na Flett kati ya 1989 na 2016. Pande zote tatu zilipanda. Kujidai mwenyewe kulipanda kwa takriban asilimia 10, kuwadai wengine asilimia 16, na kuamini kwamba wengine wanakudai asilimia 33. Wale ni vijana wa vyuo vya nchi nyingine, na asilimia hizo haziwezi kubandikwa kwa mtoto wa Gredi 6 wa Buruburu. Zinachoonyesha ni kwamba kiu hii inaweza kupanda mazingira yanapobadilika. Haitokani na damu peke yake.

Na mazingira yetu yanajitahidi. Pita barabara yoyote kubwa ya jiji hili baada ya matokeo uone mabango ya shule za binafsi: picha za watoto watano sita, alama chini ya kila uso. Wale wengine sitini wa darasa hilo wanapita chini ya bango hilo kila asubuhi wakiwa kwenye basi la shule. Mwaka 2014 aliyekuwa Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alitangaza kwamba upangaji wa shule na watahiniwa kwa nafasi umefutwa, na kukazuka mabishano makubwa. Mabishano yale yalionyesha kitu: namba moja ilikuwa haimilikiwi na wizara peke yake. Ilikuwa yetu. Ukiiondoa kwenye hotuba ya waziri, inaibuka kwenye simu ya Mama Shiru.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani mtaala mpya umetibu jambo hili. CBC, yaani mtaala huo mpya, ilipoanza kitaifa 2019 iliacha alama na kuleta viwango vinne: kuzidisha matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio na mbali na matarajio. Wazo zuri. Kufikia matarajio maana yake ni kwamba mtoto amejifunza kilichokusudiwa ajifunze, na palipaswa kuwa mahali pa kupumzika. Lakini ingia kwenye nyumba nyingi za hapa na ME useme umefurahi. "Kwa nini si EE?" Kiwango kilichoundwa kiwe cha kutosha kimegeuzwa kuwa kushindwa kwa heshima. Katika KJSEA kila kiwango kimegawanywa mara mbili, EE1, EE2 na kuendelea, na tayari kuna watoto wanaoiona EE2 kama doa.

Halafu kuna zile kazi za nyumbani za kutengeneza vitu. Mtoto wa Gredi 3 ameambiwa atengeneze kinyago cha kufukuza ndege shambani. Anakifunga kwa vijiti na gunia, kimepinda shingo, kinacheka upande mmoja. Mama anakitazama, anamtazama baba. Saa tatu mtoto amelala. Saa sita baba bado anakata makopo, mama ameshatoka saiba kuchapisha picha za rangi. Asubuhi mtoto anabeba kazi safi kwa mikono miwili kama anayebeba chombo cha watu. Mwalimu anaisifu. Picha inapanda kwenye grupu la darasa. Na kile kinyago cha shingo kupinda kiko nyuma ya mlango wa jikoni, na mtoto anajua kiko pale. Amefundishwa bila neno hata moja kwamba mkono wake haustahili kuonekana nje. Wazazi hawakukusudia hivyo. Walifanya kwa mapenzi, na kwa sababu waliona kazi ya mtoto wa jirani. Lakini ukiniuliza nichague jambo moja tu la kuacha kesho, ningechagua hili kabla ya bango na kabla ya WhatsApp. Kazi iliyopinda iende shuleni imepinda.

Lugha nayo ina sehemu yake. Baadhi ya wazazi wa leo walivishwa diski shingoni kwa kosa la kutamka neno la lugha ya kwao shuleni. Diski imepungua, kicheko kimebaki. Mtoto anasoma Kiingereza kwa sauti, ulimi unateleza, darasa zima linapasuka: "Ameshrabu!", yaani ametamka kwa lafudhi ya lugha ya kwao. Baada ya hapo atajua jibu na hatainua mkono. Mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba ni mtulivu.

Utulivu huo unatuleta kwenye dhana inayopotosha kuliko zote, kwamba mtoto mwenye kiu ya ukamilifu utamjua kwa daftari safi na vitabu vilivyojipanga. Wapo wa namna hiyo, wale wanaofuta kwa raba hadi karatasi inatoboka. Lakini wengine wanaonekana wavivu kabisa. Hawaanzi kazi. Wanasahau daftari. Wanaacha swali la saba tupu, na ukiangalia vizuri ni swali ambalo wangeweza kupata nusu ya alama. Mantiki yao ni nyoofu: nisipojaribu, kushindwa kwangu ni uvivu, na uvivu unasameheka, nikijaribu nikashindwa, itajulikana sina akili. Ukimwita mtoto huyu mvivu umempa hifadhi aliyokuwa akiitafuta. Kuna pia anayeumwa tumbo kila asubuhi ya mtihani na kupona kabla ya saa nne. Tumbo hilo linauma kweli, hadanganyi.

Dhana nyingine ni kwamba haya ni mambo ya watoto wa kishua, wa shule zenye bwawa la kuogelea. Ningesema mara nyingi ni kinyume. Mtoto wa Mathare anayesoma kwa basari ameambiwa na watu wazima wanne tofauti, "Wewe ndiye utatutoa hapa." Basari ina masharti ya alama, kwa hiyo hofu yake haikuota hewani. Mwenzake wa Kilimani akianguka kuna shule nyingine, kuna tuisheni, kuna mjomba mwenye kampuni. Mtoto huyu akikosea, kosa lina watu wengi nyuma yake. Kumwambia "usijali sana" ni kumdharau. Kinachomsaidia ni kupunguza idadi ya watu waliopanda mgongoni mwake, na hilo ni jukumu la watu hao wenyewe.

Kisha kuna mtoto anayepelekwa pakubwa. Herbert Marsh wa Australia, tangu miaka ya 1980, ameonyesha katika utafiti uliorudiwa katika nchi nyingi kwamba wanafunzi wawili wenye uwezo sawa hujiona tofauti kulingana na darasa walimo. Aliye miongoni mwa wenzake wa kawaida hujiona mwerevu. Aliyewekwa katikati ya walioteuliwa kwa alama za juu hujiona wa wastani au mzembe. Uwezo haujapungua, kilichobadilika ni majirani. Wazazi ambao watoto wao wameingia Gredi 10 katika shule zenye majina makubwa wanapaswa kulitarajia hili muhula wa kwanza. Aliyekuwa wa kwanza tangu chekechea atakuwa wa 140, na hajui kuishi na namba hiyo kwa sababu hakuwahi kuifanyia mazoezi.

Tunafikiri dawa ni sifa. Tunammwagia: wewe ni jiniasi, wewe ni kichwa, huna mpinzani. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la tano huko Marekani. Wote walipewa mafumbo ya wastani na kuambiwa wamefanya vizuri. Kundi moja liliambiwa ni kwa sababu wana akili, jingine kwa sababu walijitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walikimbilia ile ambayo wangeonekana werevu. Waliosifiwa juhudi walichagua ile ambayo wangejifunza kitu. Baada ya mafumbo magumu yaliyowashinda wote, kundi la akili lilishuka hata kwenye mafumbo yaliyofuata, ya kiwango kilekile cha yale ya kwanza. Na walipoombwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, karibu 4 kati ya 10 wa kundi hilo waliongeza alama. Walidanganya watu ambao hawatawahi kukutana nao. Mtoto aliyesifiwa kwa akili ana kitu cha kulinda.

Niseme pia kwamba jambo hili limegeuzwa bango la ukutani, na shule nyingi sasa zinasema "juhudi, juhudi" kama wimbo. Programu zilizojengwa juu ya mawazo ya Dweck zimeonyesha mafanikio madogo zilipopimwa kwa wanafunzi wengi, na mtoto ambaye hakujitahidi anajua hakujitahidi. Ukimwambia "umejitahidi" anajifunza kwamba huangalii. Sifa inayofaa ni ile inayoonyesha umeona: "Naona hapa ulibadilisha njia baada ya ile ya kwanza kukwama."

Swali ambalo wazazi hunirudishia ni hili: nikilegeza, si ataanguka? Hofu hiyo inaeleweka katika nchi ambayo kwa karibu miaka 40, kuanzia KCPE ya kwanza 1985 hadi ya mwisho 2023, mtihani mmoja uliweza kuamua mtoto aende wapi. Lakini wanaotafiti jambo hili hutenganisha vile vipande viwili, na matokeo hayafanani. Kuwa na malengo ya juu huambatana na alama nzuri kidogo. Kuogopa makosa hakuna faida hiyo. Hofu hula muda: mtoto anaandika noti upya kwa kalamu za rangi tatu badala ya kufanya maswali, anakaa dakika kumi kwenye swali la kwanza, anakwepa mada ngumu. Malengo yanaweza kubaki pale pale. Kinachopunguzwa ni gharama ya kuyakosa.

Avi Assor na Guy Roth wa Israeli, pamoja na Edward Deci wa Marekani, waliwauliza vijana kuhusu wazazi ambao mapenzi yao yalionekana kupanda na kushuka kulingana na jinsi mtoto alivyofanya. Njia hiyo hufanya kazi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Vijana walifanya walichotakiwa. Walifanya kwa kujilazimisha, furaha ya kufaulu ikawa fupi, na walibaki na kinyongo kwa wazazi. Mzazi anaona ripoti nzuri na kuamini amepata fomula.

Kwa hiyo siku ya ripoti ni siku ya kujipanga mapema. Chakula kitangulie ripoti, na kiwe chakula kilekile ambacho kingepikwa kwa matokeo yoyote. Kama Ijumaa ni chapati, ni chapati. Ukiichukua karatasi, macho yako yatakimbilia alama ya chini kabisa, na mtoto anayafuata macho yako kabla hujafungua mdomo. Anza kwa kumuuliza yeye: "Somo gani lilikuchosha muhula huu?" Atakuambia zaidi ya ripoti. Pale palipoharibika kwa kweli, sema pameharibika, kisha mzungumzie swali lililokosewa, njia iliyotumika na nani atasaidia wiki ijayo. Zawadi sioni kama dhambi. Kumnyima mpira, au kumfungia safari ya ushago huku wajukuu wengine wakienda, ni kufunga mlango kwa kufuli.

Siku za kawaida zina kazi kubwa zaidi kuliko siku ya ripoti. Watoto hutazama tunavyoyachukua makosa yetu. Baba anayepotea njia ya Ruaka na kulaani dunia nzima amefundisha somo, na aliyecheka na kumuuliza mtu wa boda amefundisha jingine. Mama anayesimama mbele ya kioo na kuusimanga mwili wake kila asubuhi ana msikilizaji mlangoni, na msikilizaji huyo ana mwili unaofanana na huo. Cheza naye karata na umshinde mara moja moja. Mwache aandike barua kwa kalamu ya wino, isiyofutika.

Walimu wana darasa la watoto sitini na hatuwezi kuwadai ushauri nasaha wa mtoto mmoja mmoja. Kuna moja lisilogharimu chochote: karatasi zirudishwe bila kusoma alama kwa sauti kuanzia wa juu hadi wa mwisho. Na wanaoandaa siku ya maombi kabla ya mtihani, ambapo kalamu na rula zinainuliwa juu ziombewe, wangemwambia mtoto walau mara moja kwamba Mungu naye hasubiri slipu ya matokeo. Sidhani hilo huwa linasemwa.

Kiu ya ukamilifu yenyewe haihesabiwi kuwa ugonjwa. Wala si ule ugonjwa wa mtu kulazimika kunawa mikono au kuhesabu vitu tena na tena asiweze kuacha. Huo una matibabu yake. Lakini kiu hii hutembea pamoja na wasiwasi mkubwa, sonona na matatizo ya kula, na wakati mwingine huyatangulia. Ikiwa mtoto halali au hali vizuri kwa wiki mbili tatu, ameacha vitu alivyovipenda, anajiumiza, au anasema ingekuwa afadhali asingezaliwa, usingoje muhula uishe na usimwambie ni utoto. Zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni au mpeleke hospitali. Kenyatta na Mathari zina wataalamu wa afya ya akili. Simu ya watoto ya Childline Kenya, 116, haitozwi pesa na inapokelewa mchana na usiku. Mzazi anaweza kuipiga, mwalimu anaweza kuipiga, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kumwomba mtu ruhusa, kwa hiyo mwandikie namba hiyo mahali anapoiona. Huhitaji kuwa na hakika kwamba hali ni mbaya ndipo upige.